Hotuba juu ya Kuhifadhi Majarida

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuhifadhi majarida. Huenda mtu akauliza: ya nini kutunza karatasi, hali kompyuta imekuja? Nitajibu kwa mfano ulio karibu nasi.

Kilima cha Makerere, tunachokiona kutoka hapa Bwaise, ndiko Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikohamia mwaka 1952. Jarida lake lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati. Baadaye likawa Jarida la Kamati, kisha likaitwa Swahili, na leo ni Kiswahili. Jarida moja, majina mengi. Mtunza maktaba asipoandika kwamba jina hili limerithi lile, msomaji atalitafuta kwa jina la leo, rafuni au katika kompyuta, naye ataambiwa ya jana hayapo, kumbe yapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari: jina, juzuu, namba, mwaka, na matoleo yaliyopungua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya pili ni kupiga picha toleo zima, tangu jalada hata matangazo, kwani picha ya jarida lililopungua nayo imepungua. Ya tatu ni kuweka nakala mbili za picha hizo, kila moja mahali pake. Wala karatasi isitupwe: kompyuta huharibika, umeme hukatika, na hazina inayolipiwa kila mwaka hufungwa ada isipolipwa.

Lakini karatasi nayo ina adui wake, nasi wa Bwaise twamjua. Mvua kubwa ikinyesha, maji huteremka vilimani, mfereji wa Nsooba hufurika, nayo huingia majumbani. Sanduku la magazeti lililo chini ya kitanda likilowa mara moja, habari za wazee wetu zimekwisha: nani alichangia msikiti, nani alisomesha watoto.

Basi nawaomba, kila mwenye toleo la zamani aliazime kwa siku moja tu. Litaandikwa daftarini, litapigwa picha, naye atarudishiwa. Akifika nalo nyumbani, aliweke juu, maji yasikofika. Hiyo ni amana, na wenyewe ni watoto wetu.

Wabillahi taufiq.