Adabu ya Mzigo Juu ya Pikipiki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la Halmashauri)



Tulipoombwa na Halmashauri tuseme maneno machache jioni hii, tulifikiri sana juu ya jambo la kuchagua. Waliotutangulia mahali hapa wamekwisha kusema juu ya akiba, juu ya elimu ya watoto, na juu ya kuandika barua kwa ufasaha. Sisi hatuna elimu ya kuwapita hao. Lakini kazi ya ukarani imetupitisha njia nyingi juu ya pikipiki, na katika njia hizo tulijifunza somo moja kwa gharama iliyolipwa na mtu mwingine. Somo hilo ni la mzigo: uchukuliwe kiasi gani, ufungwe namna gani, na kitu gani kiwekwe mahali pa salama kupita vyote. Asiye na pikipiki asisinzie, maana huenda mwisho wa maneno haya akajiona naye yumo. Tena mtuwie radhi kwa kusema "sisi", kama ilivyo desturi ya kurasa zetu, hali pikipiki ilikuwa na mpandaji mmoja tu.

Wazee wetu waliijua hesabu ya mzigo kabla sisi hatujaijua kalamu. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mpagazi mmoja aghalabu alichukua ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili, au kilo 30 hivi. Bunda la nguo lililofungwa kwa nguvu liliitwa mtumba. Na neno hilo tungali nalo, ingawa siku hizi limehamia kwenye nguo kuukuu za sokoni. Kiasi hicho hakikuwekwa ovyo. Aliyempakia mtu kupita kiasi alimpoteza njiani, kwa kuugua au kwa kutoroka, na mzigo ukabaki porini. Pikipiki haitoroki, walakini inazo njia zake za kukataa.

Twakumbuka pia habari za mabibi wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walioondoka London mwezi wa Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther ya sentimeta za ujazo 600, wakafika Cape Town mwezi wa Julai 1935. Walivuka jangwa la Sahara, na baadaye wakapita Kenya na Tanganyika. Pikipiki yao ilikuwa na kigari cha ubavuni, na nyuma ikavuta tela la mizigo. Ushujaa wao hauna shaka. Lakini fikirini injini moja ikiburuta vyote hivyo katika mchanga mlaini! Mchanga uliwatesa mno, na injini ikaharibika huko jangwani. Kila kitu tunachokitia mzigoni tukiwa nyumbani, kikiwa chepesi mkononi, tutakilipia tena mahali njia inapokuwa mbaya.

Haya basi, tusimulie yetu.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Aprili, tulipata likizo, tukaazimu kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa pikipiki, mwendo wa kilometa 830 hivi. Siku moja kabla ya kuondoka, jioni, alikuja nyumbani mjane wa tarishi mmoja aliyefanya kazi nasi miaka mingi. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mumewe, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, na barua ya kwanza ya kuajiriwa marehemu, iliyoandikwa kwa wino wa mkono. Karatasi hizo zilitakiwa katika ofisi moja huko tuendako, ili alipwe kiinua mgongo cha marehemu.

"Shemeji," alisema, "nimeogopa kuzitia posta. Wewe unakwenda mwenyewe. Nifikishie."

"Usihofu, shemeji," tukamjibu. "Hesabu kwamba zimekwisha kufika."

Mzigo wetu ulikuwa umekwisha kufungwa. Juu ya keria tuliweka sanduku jipya la ngozi, ndani yake suti, mashati sita na viatu jozi mbili, kwa maana hatukutaka wenyeji wetu wa pwani wadhani kuwa karani wa bara ni mtu duni. Juu ya sanduku tukaweka debe la mchele wa Kyela, na juu ya debe furushi la viazi, zawadi kwa wenyeji hao. Kufungua sanduku tena kwa ajili ya bahasha tuliona ni taabu. Tena suti ingejikunja. Basi tukaitia bahasha katika mkoba wa kitambaa, tukauchomeka mkoba chini ya kamba, juu kabisa ya vitu vyote. Twaomba mkumbuke mahali hapo.

Tulipopima baadaye katika mizani ya duka, mzigo ulikuwa kilo 58. Sisi wenyewe tulikuwa kilo 70. Pikipiki ya sentimeta za ujazo 125 haipiti sana kilo 110 kwa uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo tuliibebesha kupita uzito wake, nasi tukaketi juu tukipiga mluzi.

Siku ya kwanza, upepo wa Makambako ulitusukuma kama mtu asukumaye mlango. Mzigo ulikuwa mrefu juu, nao ulikwenda huku na huku hali gurudumu la mbele limekuwa jepesi mikononi. Tulifika Iringa tumechoka mabega, tukalala. Siku ya pili tulichelewa kuondoka, kwa kuwa kamba zilikuwa zimelegea, tukafunga upya. Katika mteremko wa Kitonga tuliona hofu ya kweli. Debe na sanduku vilitusukuma mgongoni kila tuliposhika breki, malori yako nyuma yetu, na upande mmoja bonde. Tulishuka kwa gia ya chini, polepole, tukitetemeka.

Pale Ruaha Mbuyuni tulipumzika. Mzee mmoja alikuwa akifunga magunia ya vitunguu juu ya baiskeli yake. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauzunguka mzigo wetu kimya, akauvuta kwa kidole kimoja. Ukayumba.

"Mwanangu," akasema, "mzigo huu umefungwa kwa macho. Mzigo hufungwa kwa goti."

Alitaka kutuonyesha, lakini sisi tuliona jua linakwenda, tukamshukuru, tukaondoka.

Baada ya mji wa Mikumi, barabara hupita ndani ya hifadhi ya wanyama kwa kilometa 50 hivi. Hapo si mahali pa kusimama kwa starehe. Tembo na nyati ni wenyeji, na msafiri ni mgeni. Mvua ilitukuta ndani ya hifadhi hiyo, jioni, mvua ya masika isiyosikia dua. Hatukuthubutu kusimama kutazama mzigo. Kamba ililegea kwa maji, mkoba ukateleza, ukaning'inia karibu na gurudumu, ukirushiwa matope njia nzima mpaka Morogoro.

Katika chumba cha kulala wageni tulifungua sanduku. Suti ilikuwa kavu. Viatu vilikuwa vikavu, tena vinang'aa. Kisha tukafungua mkoba. Bahasha ilikuwa imekuwa kama ugali mbichi. Muhuri wa cheti cha ndoa ulikuwa doa la zambarau, na barua ya kuajiriwa haikusomeka neno hata moja, illa jina la mwezi.

Wanachama wenzetu, ninyi ni makarani. Hatuna haja ya kuwaeleza maana yake. Vyeti vilipatikana tena kwa maombi, ada, na safari za mjane kutoka ofisi hata ofisi. Barua ile haikupatikana tena. Ikabidi watafutwe wazee wawili waliofanya kazi na marehemu, waape kwamba walimjua. Miezi tisa ilipita. Katika miezi hiyo mtoto wake mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima, kwa kukosa ada.

Tuliporudi Mbeya tulikwenda kumwambia wenyewe, hatukumtuma mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo. Hakutulaumu. Alisema tu, "Nawe, shemeji, hukuugua kwa mvua ile?" Hatukuwa na la kumjibu, maana sisi tulikuwa na nguo kavu za kubadili.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla ya safari ile tulidhani methali hiyo yatufundisha kuwahurumia wachukuzi. Sasa twajua kwamba ilitusema sisi. Bahasha ya mjane ilikuwa nyepesi mkononi mwetu kwa kuwa haikuwa yetu. Na kwa wepesi huo tukaiweka mahali pa vitu vyepesi.

Sasa tuseme kwa utaratibu namna tunavyopakia tangu siku ile.

Kwanza, siku mbili kabla ya safari, twatandika mkeka, na kila tunachotaka kuchukua twakiweka juu yake. Kisha twagawa mafungu matatu: vya lazima, vya kufaa, na vya fahari. Vya fahari hubaki nyumbani vyote. Vya kufaa hubaki nusu yake. Msafiri hufua jioni na kuvaa asubuhi; mashati mawili yatosha kwa mwezi. Kikoi kimoja ni shuka, ni taulo, na ni skafu ya kuzuia baridi ya Mafinga. Zawadi za kilo nyingi zisafiri kwa basi, nasi tuzipokee kituoni. Mzigo wetu wa sasa, pamoja na vifaa vya matengenezo, haupiti kilo 15.

Pili, tusome kitabu cha mtengenezaji wa pikipiki. Humo huandikwa uzito ambao chombo kinaruhusiwa kuchukua, na uzito huo humhesabu mpandaji pia, si mizigo peke yake. Humo tena huonyeshwa kiasi cha upepo wa tairi. Aghalabu tairi la nyuma huhitaji upepo zaidi chombo kikiwa na mzigo.

Tatu, kizito kikae chini na karibu na mpandaji. Chepesi kikae juu na nyuma. Mzigo mzito ukipita nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huliinua la mbele, na usukani huanza kucheza. Ndiyo maana mifuko miwili ya pembeni, inayoning'inia kama shogi za punda, ni bora kuliko mnara juu ya keria. Pande mbili zilingane kwa uzito. Ule upande wa bomba la moshi tuuangalie, maana joto lake huunguza mfuko polepole bila kelele.

Nne, kufunga. Vipande vya mpira vilivyokatwa katika tyubu kuukuu hushika vizuri kuliko kamba ya katani, kwa kuwa mpira hufuata mzigo ukipungua. Tuweke goti juu ya mzigo, tukaze, kisha tuutikise: ukitikisika mzigo peke yake, haujafungwa, ikitikisika pikipiki nzima, umefungwa. Ncha zote zifichwe, zisije zikaingia katika mnyororo au gurudumu. Baada ya mwendo wa kilometa 10 tusimame tukaze tena, kwa sababu kila mzigo hujipanga upya njiani.

Tano, vifaa: spana za kutosha nati zetu, koleo, plagi ya akiba, tyubu, viraka na gundi, pampu, kiungo cha mnyororo, na waya kidogo. Hivi viwe juu au pembeni, visizikwe chini ya nguo, maana pancha haingoji tufungue sanduku barabarani. Maji ya kunywa na koti la mvua navyo vipatikane kwa mkono mmoja.

Sita, nayo ndiyo sababu ya hotuba hii: karatasi. Karatasi za watu zisisafiri kabla ya kufanyiwa nakala zilizothibitishwa, na nakala zibaki nyumbani kwa mwenyewe. Zikunjwe katika mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko wa pili, kisha zikae kifuani ndani ya koti, zifungiwe kifungo. Pikipiki ikianguka, zianguke nasi. Mvua ikinyesha, zilowe baada ya sisi kulowa. Jambo hili twalitanguliza kabla ya kufunga kitu kingine chochote.

Bwana Mwenyekiti, wengi wetu hapa hatutakwenda Cape Town kwa pikipiki. Lakini kila asubuhi twakalia viti vyetu, na mbele yetu zaletwa bahasha za watu: maombi ya likizo ya ugonjwa, madai ya mayatima, barua za wazee wanaoulizia haki zao. Mezani petu kila moja ni nyepesi kama usufi. Kwa aliyeileta, ni mzigo aliouchukua kichwani kutoka mbali. Nasi tuna desturi ya kuichomeka juu ya vitu vingine, mahali pasipotusumbua, tukasema kwamba imekwisha kufika.

Mjane yule alilipwa mwishowe, na kijana wake akarudi darasani, ingawa nyuma ya wenziwe. Suti ile tungali nayo. Kila tuionapo katika kabati twakumbuka kwamba katika mvua ya Mikumi ilipewa mahali palipostahili kitu kingine.

Mwenye safari, Mungu amfikishe salama, yeye na alivyokabidhiwa.