Tangazo Lililosomwa Kanisani: Kesi ya Jean Calas



Ndugu zangu waamini, na ninyi viongozi wa walei,

Seminarini tulifundishwa kwamba Voltaire alikuwa adui wa Kanisa. Ni kweli, kalamu yake ilikuwa kali, na mara nyingine haikututendea haki. Hata hivyo naomba leo tumsikilize, maana ilitokea siku ambayo yeye alisema kweli nasi tukanyamaza.

Mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, aliishi mfanyabiashara wa nguo, Jean Calas, Mprotestanti. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761 mwanawe mkubwa, Marc-Antoine, alikutwa amekufa. Umati ukapaza sauti kwamba baba amemnyonga asije akaingia Ukatoliki. Mwanzoni familia ilificha kuwa kijana alijitundika, kwani kwa sheria ya siku zile maiti ya aliyejiua iliburutwa barabarani. Uongo huo wa kuficha aibu uliwaponza.

Hapa ndipo linapotuhusu sisi. Tangazo la kutafuta mashahidi lilisomwa makanisani, Jumapili baada ya Jumapili. Liliwaita wenye habari za kumtia mzee hatiani. Wenye habari za kumwokoa hawakuitwa. Marehemu akazikwa kwa maandamano kama mfiadini, ilhali hapakuwa na uthibitisho kwamba aliwahi kuwa Mkatoliki. Baada ya mazishi ya namna hiyo, ni hakimu gani angethubutu kusema baba hana kosa? Tarehe 10 Machi 1762 mzee huyo wa miaka 63 alivunjwa viungo juu ya gurudumu, akikana hadi mwisho.

Voltaire, aliyeishi Ferney karibu na Geneva, kwanza alilifanyia jambo hilo mzaha. Kisha akamhoji Donat, mwana wa mwisho wa Calas, akatafuta hati, akawaandikia wakubwa, na mwaka 1763 akatoa kitabu juu ya uvumilivu wa dini. Tarehe 9 Machi 1765 majaji 40 wa mfalme walitamka kwamba Calas hakuwa na hatia. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya uhuru wa dini lilitolewa tarehe 7 Desemba 1965. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita kati.

Nyumbani mwa Calas alikuwamo mtumishi Mkatoliki, Jeanne Viguière. Yeye ndiye aliyemsaidia Louis, mwana mwingine, kuingia Ukatoliki, na bado hakufukuzwa kazi. Usiku ule alikuwamo nyumbani. Alifungwa pamoja na familia, akashuhudia kwamba bwana wake hakuua. Mahakimu, Wakatoliki wenzake, hawakumsadiki.