Kufuli Linalodumu Kuliko Deni



Simu iliyofungwa mtandao si simu mbovu. Kamera inapiga picha, Wi-Fi inashika, muziki unalia. Ila kila laini hubeba namba ya utambulisho, na tarakimu 3 za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 310 ni mojawapo ya zile za Marekani. Zinazofuata hutaja kampuni. Simu husoma tarakimu hizo, na ikikuta si za kampuni iliyoifunga, huikataa laini. Kilichozimwa hapo ni hiari ya mwenye simu kuhama.

Nani ana haki ya kulifungua kufuli hilo? Wamarekani walilihangaikia swali hili kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1998 walitunga sheria ya hakimiliki za kidijitali, wakiwalenga wanaovunja ulinzi wa filamu na muziki. Lakini simu ina programu, na programu ina hakimiliki. Kwa hiyo anayefungua simu yake mwenyewe akajikuta kwenye kapu moja na haramia wa filamu. Mamlaka ya kumsamehe alipewa Mkutubi wa Bunge, anayepitia misamaha kila baada ya miaka 3. Naam, mkutubi, mtunza vitabu, ndiye aliyeamua hatima ya simu za taifa zima! Mwaka 2006 aliruhusu, 2010 akaruhusu tena, kisha Oktoba 2012 akageuka: simu zitakazonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013 hazimo katika msamaha.

Watu walichachamaa. Ombi lililoanzishwa na mjasiriamali Sina Khanifar lilipata saini zaidi ya 100,000, Ikulu ya Marekani ikakubaliana nalo, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kurudisha ruhusa. Wengi walishangilia. Mimi naona ushindi ule ulikuwa nusu: mteja hakuwa tena mhalifu kwa kufungua simu yake, lakini sheria haikuilazimisha kampuni kumfungulia. Kanada walikata mzizi wenyewe. Tangu tarehe 1 Desemba 2017, simu mpya huuzwa zikiwa wazi, na ada ya kufungua imepigwa marufuku. Uingereza ikafuata Desemba 2021.

Kampuni zina hoja, na si ya kubeza. Zinasema: tumekukopesha simu, lazima tujilinde. Sawa. Lakini deni lina mkataba, na kuhamia mtandao mwingine hakufuti mkataba. Kanada na Uingereza bado watu wanachukua simu kwa malipo ya mwezi.

Kwetu Afrika Mashariki kufuli lina sura nyingine. Safaricom ya Kenya ilipoanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mteja alianza kulipia simu kwa vijisenti vya kila siku. Asipolipa, simu inajifunga. Kufuli hilo ni kali, pengine kali mno kwa mama anayeendesha genge lake kwa simu hiyohiyo, lakini walau linafuata deni. Ninachodai ni kwamba shilingi ya mwisho ikiingia, programu ya kufungia ing'oke yenyewe, bila mteja kupanga foleni dukani kuibembeleza kampuni.

Mtu asiyekumbukwa na sheria zote hizi ni mnunuzi wa pili. Simu iliyofungwa Marekani inaingia Kariakoo. Muuzaji anabandika chipu nyembamba kama karatasi juu ya laini, ili simu idanganyike kwamba imepata laini ya kwao. Dukani mtandao unasoma vizuri. Baadaye mnunuzi anasasisha programu, na mtandao unapotea. Yeye hakusaini mkataba wowote na kampuni ya Marekani, hadaiwi na mtu, na huko ng'ambo hana wa kumpigia. Aliyebaki ni muuzaji. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuuza simu ya chipu bila kumwambia mnunuzi ni kumpotosha. Basi neno "imefungwa" au "iko wazi" liandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya IMEI inayotokea ukibonyeza *#06#, ili siku ya shauri mnunuzi awe na karatasi ya kuweka mezani.