Usiogope Dawati la Kujiandikisha

Leo nazungumza nawe uliyehamia mtaa au kijiji kipya na hujaingia zahanati ya hapo hata siku moja. Mtoto akipata joto unanunua dawa dukani, au unapanda matatu kurudi kule ulikozoea. Ukiulizwa sababu, unasema, "Hapa hawanijui."

Basi ujulikane. Mnamo Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tunayoiita SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Wengi wamesikia kwamba ni lazima ulipe kwanza. Sikiliza vizuri: kujiandikisha ni bure. Ukishajiandikisha, matibabu ya kawaida katika zahanati au kituo cha afya chenye mkataba na SHA hulipiwa na serikali, hata kama hujatoa mchango. Mchango unaulizwa ukipelekwa hospitali kubwa. Piga *147# ukiwa na kitambulisho chako. Kama simu inakusumbua, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Hiyo ni kazi yake, usimpe chai.

Kinachowarudisha wengi nyumbani ni karatasi ya mtoto. Aliyezaliwa nyumbani hana ile karatasi ya kuzaliwa inayotolewa hospitalini. Nenda kwa naibu wa chifu, yeye ndiye anayeandikisha watoto waliozaliwa nyumbani. Nenda kabla ya miezi sita kwisha, kwa maana baada ya hapo wanahesabu kuwa umechelewa, na safari za kutafuta cheti huwa nyingi. Nawe nyanya, mwambie mama ya mtoto aliyeko kazini mjini akutumie nambari ya kitambulisho chake, kwa sababu mtoto huandikwa chini ya mzazi.

Kitabu cha kliniki je? Kimelowa, kimeliwa na panya, kimebaki kwa mama mkwe, yote tumeyaona. Njoo hivyo hivyo. Mtoto hanyimwi chanjo kwa sababu ya kitabu. Tutakuuliza alichanjwa wapi na lini, na tutamfungulia kingine. Kuna wauguzi wakali, sikatai, na maneno yao huuma kuliko sindano. Ukikaripiwa, usiondoke. Uliza ofisi ya msimamizi wa kituo, uingie umweleze.

Lakini mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea hata haamki, huyo hangoji karatasi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Usisimame kutafuta kitambulisho wala kumngoja baba arudi na simu. Mbebe, uende kituo kilicho karibu, hata kama hujawahi kukanyaga hapo. Usipange foleni. Mwambie wa kwanza utakayemkuta mlangoni, "Ni dharura." Jina lake litaandikwa akiwa tayari anatibiwa.