Juu ya Baba Zetu Waliokufa Kabla ya Injili



Katika yubilei hii twamshukuru Mungu kwa mema mengi. Tangu wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876, na tangu dayosisi yetu ilipoundwa mwaka 1927, Injili imehubiriwa katika nchi hii ya Ugogo. Lakini ndani ya furaha hii limo swali, nasi yatupasa kulisema waziwazi: Wale waliokufa kabla hawajaisikia, hali yao ni ipi?

Swali hili tuliulizwa hapa Zuzu na mzee mmoja wa darasa la ubatizo. Alisema, "Babu yangu alikufa katika njaa ya Mtunya. Nikibatizwa, je, nitatengwa naye milele?" Habari za Mtunya mmezisikia kwa wazee: miaka ile ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita yalipokwisha kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua ikakosekana, watu wengi wakafa. Nasi, kwa haraka ya ulimi, tulimjibu kwamba babu yake amepotea motoni. Mzee akachukua fimbo yake, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi darasani miezi mingi.

Ndipo tulipotambua ya kuwa tumesema neno tusilotumwa. Tukayarudia Maandiko, tukasoma na habari za walimu wa kale.

Kumbe wengi wametutangulia katika mashaka haya. Origeni wa Iskanderia, mwana wa Afrika, aliyefundisha watu wa kubatizwa angali kijana, alitumaini kwamba mwisho Mungu atavirudisha viumbe vyote kwake. Adhabu ya Mungu aliifananisha na dawa ya tabibu. Augustino wa Hipo, naye Mwafrika, aliyekufa mwaka 430, alilikataa neno hilo, akafundisha adhabu isiyo na mwisho. Mwaka 553, wakati wa Baraza Kuu la Konstantinopoli, mafundisho yaliyohusishwa na jina la Origeni yalihukumiwa. Hata hivyo swali halikwisha. Mwaka 1861 Askofu Colenso wa Natal, aliyekuwa akiwafundisha Wazulu, aliandika kitabu juu ya Waraka kwa Warumi, akakataa fundisho la adhabu isiyo na mwisho. Kwa kitabu hicho na kingine alihukumiwa na mahakama ya Kanisa huko Cape Town mwaka 1863.

Basi sisi twasemaje? Hatuthubutu kusema kwamba wote wataokolewa, maana Bwana mwenyewe alinena habari za mlango unaofungwa, na za kondoo na mbuzi. Mtu anayemdhulumu mjane shamba lake, huku akijituliza moyo kwamba mwisho wote wataingia, ajidanganya. Wala hatuthubutu kusema kwamba baba zetu wamekwisha kuhukumiwa. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu ataka watu wote waokoke. Na Petro aliandika kwamba Kristo aliwahubiri roho waliokuwa kifungoni.

Tena angalieni: katika habari ya kondoo na mbuzi Bwana hakuuliza ni nani aliyeandikwa daftarini. Aliuliza ni nani aliyemlisha mwenye njaa. Kama babu yule aligawana na jirani konzi yake ya mwisho ya uwele, je, tuseme Bwana hakuona?

Wako waulizao, "Kama liko tumaini kwa wasiosikia, twahubiri kwa nini?" Twahubiri kwa sababu tumetumwa, na mwenye chakula hamnyimi mwenye njaa ya leo kwa kuwa huenda kesho atapata kwingine.

Tulikwenda kwa mzee yule, tukamwomba radhi. Tukamwambia, "Babu yako yu mikononi mwa Mulungu aliyemwumba, na mikono hiyo ndiyo iliyopigwa misumari. Zaidi ya hayo hatujui." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hilo naweza kulisikia." Sasa amerudi darasani, ingawa hajabatizwa bado. Hatumharakishi.

Walimu wenzetu, mtakapoulizwa swali hili, nanyi mtaulizwa, msiwahukumu wafu wa mtu ili kumtia hofu. Wafundisheni walio hai kutubu na kumpenda jirani; na waliolala tumwachie yeye aliye Mwamuzi wa haki na Baba wa rehema.