KUTIA KIYOYOZI UKUTANI NI KAZI YA WATU WAWILI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi na vibarua wa tawi letu, Mombasa)



Tumeombwa kusema juu ya kutia kiyoyozi, yaani kile kisanduku kinachokaa ndani ya chumba, na jinsi ya kukitia pasipo mtu kuumia. Hapa pwani, kuanzia Desemba mpaka Machi, simu za matajiri hazinyamazi. Kila hoteli na kila ofisi yataka baridi leo, si kesho. Na katika haraka hiyo ndipo wenzetu wanapoumia.

Twasema wazi tangu mwanzo: kazi hii ni ya watu wawili. Tajiri akikutuma peke yako na ngazi moja, amekutuma vibaya.

Tajiri naye ana jawabu lake. Husema, "Kisanduku chenyewe kilo kumi tu, wataka msaidizi wa nini?" Ni kweli, kile kidogo cha BTU 9,000 au 12,000 huwa karibu kilo 8 mpaka 12. Kilo kumi za sukari hata mtoto huzibeba kutoka dukani. Lakini hakuna anayemwambia mtoto yule apande nazo ngazi, azinyanyue juu ya kichwa, zaidi ya meta mbili kutoka chini, azishike hapo huku akitafuta ndoano za bamba asizoziona, na mabomba ya shaba nyuma yakikataa kuingia tunduni. Mtu aliye juu ya ngazi yapasa mkono wake mmoja uwe umeshika ngazi. Huyu mikono yote miwili iko juu. Atajishika na nini?

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alipanda kiti kilichowekwa juu ya meza, kwa sababu ngazi ilikuwa moja nayo ilikuwa imepelekwa kazi nyingine. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Mwenye kampani akasema ni makosa yake mwenyewe, mbona alipanda kiti. Ngazi ilikuwa wapi, hilo hakulisema.

Basi tuanze kazi yenyewe. Kabla ya kutoboa ukuta, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Ile swichi ndogo ya chumbani haitoshi. Na aliyezima aifunge kwa kufuli, au aweke mtu wa kuilinda, maana mwenye nyumba akiona giza jikoni huenda akairudisha bila kuuliza. Umeme wetu ni volti 240, nao hauulizi mtu ana miaka mingapi kazini. Kisha pima kwa testa. Testa yenyewe ijaribu kwanza mahali penye umeme, ndipo upime pale pa kazi, halafu uijaribu tena penye umeme. Testa mbovu hukuambia uongo uleule kama swichi iliyozimwa nusu.

Waya zilizofichwa ukutani kwa kawaida hupanda, hushuka au hupita wima na mlalo kutoka kwenye swichi na soketi. Kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi, wala usawa wake. Tundu la mabomba huwa kiasi cha milimita 65, nalo liinamie nje kidogo, milimita 5 mpaka 10, ili maji yatoke. Likiinamia ndani, maji yatarudi ukutani na chumbani, na pengine kwenye waya.

Tundu hili lina upande wa pili, na huo mtu aliye peke yake hawezi kuuona. Drili ikitokea nje, vipande vya mawe vinaanguka. Katika vichochoro vya Mji wa Kale chini hapo kuna mama anapita na kikapu, kuna watoto wanacheza. Yule mtu wa pili lazima asimame nje azuie njia. Hii peke yake yatosha kuonyesha kwamba tajiri anayetuma mtu mmoja hajafikiri, au amefikiri mfuko wake tu.

Tumetaja Mji wa Kale, na kuta zake zataka neno lake. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na si sawa na matofali ya saruji. Plagi ya skrubu yaweza kuonekana imekaza, kumbe imeshika chokaa tu, na chokaa humomonyoka. Gonga ukuta, usikilize. Tumia skrubu ndefu ifike kwenye jiwe. Bamba likisha kufungwa na kunyoshwa kwa pimamaji, livute kwa nguvu kwa mikono yako kabla ya kutundika kitu. Likicheza hata kidogo, lifungue utafute mahali pengine. Afadhali ukuta upate matundu mawili ya ziada kuliko kisanduku kumwangukia karani kichwani. Vumbi la mawe na saruji nalo hudhuru mapafu, hivyo vaa kitambaa cha kukinga pua kilicho cha kazi, si leso, na miwani. Glavu vilevile: yale mapezi membamba ya ndani hukata kama wembe.

Upande wa gesi, tahadhari. Kisanduku cha ndani hutoka kiwandani kimetiwa hewa kavu, na ukilegeza kifuniko husikia kikitoa pumzi. Kisipotoa, shuku kwamba kinavuja. Nati zifungwe kwa spana mbili, moja kushika na moja kuzungusha, ama shaba itajisokota. Mashine nyingi za sasa hutumia gesi ya R32, ambayo yaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala moto wa kuchomelea, na madirisha yawe wazi. Katika chumba kidogo kilichofungwa, gesi ikivuja hufukuza hewa ya kupumua. Kujaribu mabomba kama yanavuja ni kwa nitrojeni yenye kipimo chake. Msitumie oksijeni hata siku moja, hata kama ndiyo mtungi uliopo garini. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta hulipuka.

Sasa juu ya haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi wajibu wa kumwarifu msimamizi akiona hatari kubwa, na tajiri haruhusiwi kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Wala hawezi kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe ndani yake. Na mtu akiumia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, yamtaka tajiri atoe habari kwa Mkurugenzi katika siku saba. Hata mwanafunzi wa kazi amo ndani ya sheria hii. Kwa hiyo ukiumia, mwarifu tajiri mara moja, uandikiwe, na utupatie nakala.

Lakini tusijidanganye. Wengi wetu hulipwa kwa mashine, si kwa siku, na fundi anayelipwa hivyo hapendi kugawana na mwenzake. Tajiri ajua hilo, ndiyo maana hutuma mmoja. Kwa sababu hiyo kamati yetu itadai kwamba bei ya kila mashine ihesabiwe kwa watu wawili, na ngazi mbili au jukwaa dogo liwe sehemu ya vifaa vya gari.

Wajumbe wa kila karakana, kabla ya mkutano ujao, mleteeni katibu hesabu ya magari, ya ngazi zilizomo, na ni ngapi zimevunjika vidato.