Kitabu cha Wagonjwa na Tarehe Saba
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Magoma)



Nimeombwa niseme juu ya takwimu za hospitali. Najua neno takwimu huwafanya watu watazame saa, basi nitaanza na vifo.

Mwaka 2004 jarida moja la madaktari la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za upande wetu huu wa kaskazini-mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walilazwa wakiwa mahututi, wakatibiwa malaria. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu, yaani hawakufika nusu. Tena wale wasiokuwa na vijidudu ndio waliokufa zaidi: kama 12 katika kila 100, na wenye malaria kama 7. Wapo ambao hawakupewa hata dawa za kuua bakteria.

Sasa, ndugu zangu, wodini waliandikwa malaria. Wilaya ikisoma malaria huagiza dawa ya malaria. Nimonia ya mtoto yule haikuwamo kitabuni, kwa hiyo wala dawa yake haikuombwa kwa ajili yake.

Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi zahanati za vijijini, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kipimo hakijiandiki. Chini ya mpango wa MTUHA, ulioanza miaka ya 1990, kila mgonjwa huandikwa kitabuni, hujumlishwa kwa ugonjwa na umri, na taarifa ya mwezi hutakiwa kufika wilayani kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Huko huingizwa katika kompyuta, na Wizara huiona.

Taabu iko kwenye kujumlisha. Muuguzi mmoja huzalisha, huchanja, hufunga vidonda. Jioni ya tarehe 6 ndipo afungue kitabu ahesabu mistari ya mwezi mzima kwa taa. Umri haukuandikwa, basi anakisia. Anakuta nafasi tupu: je, hapakuwa na mgonjwa wa kuhara, au hakuhesabiwa? Sifuri ni taarifa, nafasi tupu si taarifa. Ajumlishe kila jioni kabla ya kufunga mlango, na mwenzake, kama yupo, arudie hesabu. Ni kazi ya dakika chache.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Malaria huku bondeni hupanda baada ya masika. Taarifa ya Mei ikifika Agosti inaeleza homa zilizokwisha kupona au kuzika watu. Kipindupindu ndicho hakingoji hata mwezi. Hutolewa taarifa ndani ya saa 24.

Lakini nisiwalaumu wauguzi peke yao. Mtu akipeleka taarifa mwaka mzima asijibiwe hata neno, mwisho ataandika chochote. Naiomba wilaya irudishe majibu: zahanati fulani, hesabu yenu ya Juni haikubaliani na dawa mlizotumia, tuelezeni. Na ninyi wa kidato cha nne mtakaokwenda vyuo vya uuguzi na utabibu, kujumlisha na asilimia mnavyofundishwa hapa mtavikuta huko mezani, kitabu kimefunguliwa.